Rolplei mtandaoni: Discord, World of Warcraft, EVE au FiveM, wapi utapata nafasi ya stori yako?

Wakuu, kuna swali naulizwa sana na watu wanaotaka kuingia kwenye rolplei, yaani kuigiza mhusika wa kutunga pamoja na wengine. Mtu keshaangalia klipu kadhaa, keshapenda, keshamtungia mhusika jina na hata kovu la shavuni, halafu anakwama pale mlangoni kwa sababu magemu ni mengi na kila mtu anasifia la kwake. Nimecheza haya manne kwa vipindi tofauti, mengine miaka, mengine miezi, kwa hiyo leo nayaweka pembeni kwa pembeni ili ujichagulie mwenyewe.

Tuelewane kwanza, hapa siongelei kupandisha levo wala kutafuta upanga mkali. Naongelea kubeba mhusika mwenye hofu zake na madeni yake, ukaishi ndani yake mbele ya watu wengine ambao nao wamebeba wa kwao. Kwa mtu wa aina hiyo vitu vya kuangalia ni vinne.

Cha kwanza ni stori iko mikononi mwa nani, yaani ni kampuni, mwenye seva (ile dunia mnayoingia pamoja), msimulizi mmoja, au ni wachezaji wenyewe. Cha pili ni nafasi ya mgeni, na hapa nina kipimo changu kimoja tu: ukipotea wiki mbili, kuna mtu ataona pengo? Kama hakuna basi wewe ni mtazamaji mwenye nguo nzuri. Cha tatu ni kinachobaki ukishazima mashine, ulichofanya jana kinamsumbua mtu leo au kimefutika? Cha nne ni gharama, na kwa sisi wa huku gharama sio hela peke yake, kuna mashine, kuna bando, na kuna saa, maana dunia haichezi kwa saa za Afrika Mashariki.

Maandishi kwenye Discord (programu ya kuchati kwa makundi)

Stori iko kwa nani. Iko kwa geim masta, yaani msimulizi anayeongoza mchezo, na baada yake kwa mtu yeyote anayejua kuandika. Kuna kampeni, yaani stori moja ndefu, ndogo ya watu wanne watano, na kuna seva za ulimwengu hai zenye makumi ya wachezaji na masta kadhaa. Kwenye hizi kubwa masta anabandika tangazo kwamba msafara unahitaji watu wanne kwenda kwenye mgodi uliofurika, unajiandikisha, unaenda, na kati ya safari na safari watu wanaandikiana kwenye chaneli ya baa, ya soko, ya hekalu. Hakuna programu ya kukukatalia jambo. Unataka kufungua duka la dawa za miti shamba linalowauzia pande zote mbili za vita, unaliandika na linakuwepo, masta akikubali.

Nafasi ya mgeni. Kwa maoni yangu hapa ndo rahisi kuliko kote, kwa sababu masta mzuri anasoma ulichoandika kuhusu mhusika wako na anakitumia. Ukisema una kaka aliyepotea baharini, mwezi wa pili kaka anatokea na jina lingine. Na ukipotea pengo linaonekana siku hiyo hiyo, kwenye meza ya watu watano hakuna pa kujificha.

Kinachobaki. Maandishi yote yanabaki, unaweza kurudi mwaka ujao ukasoma mstari kwa mstari. Lakini dunia nzima imekaa kwenye mabega ya mtu mmoja au watatu. Nilikuwa kwenye kampeni moja miezi saba, mhusika wangu nahodha wa jahazi anamtafuta dada yake aliyeuzwa, tukawa tumebakiza bandari mbili tu, masta akaacha kuonekana. Hakuaga, chaneli ikanyamaza, na mpaka leo sijui yule dada alifika wapi. Iliniuma kweli, na inawapata wengi, kwa hiyo kabla hujaingia uliza seva ina masta wangapi na imeishi muda gani.

Gharama. Karibu na sifuri. Simu inatosha, bando la maandishi ni dogo, na kanuni za msingi za gemu la mezani la Dungeons & Dragons toleo la tano ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023, kwa hiyo huhitaji kununua kitabu kuanza. Kete anakurushia boti (programu inayojiendesha ndani ya seva) kama Avrae, na boti ya Tupperbox inakuwezesha kuongea kwa jina na picha ya mhusika wako. Saa nazo hazibani, wewe unaandika ukiwa kwenye daladala na mwenzako wa Canada anajibu akiamka.

Halafu kuna hili la lugha ambalo naona watu hawalipi uzito. Kwenye maandishi mnaweza kucheza Kiswahili mwanzo mwisho, na Kiswahili kina silaha zake za stori. Kijana akiingia barazani akampita mzee bila shikamoo, au mzee akapewa shikamoo halafu akakataa kuitika marahaba, chaneli nzima inajua vita imeanza na hakuna aliyetukana. Jaribu kuandika hiyo kwa Kiingereza uone itakuchukua aya ngapi.

Inamfaa nani. Anayependa kuandika, mwenye subira ya kungoja jibu mpaka kesho, mwenye simu tu. Haimfai anayetaka kelele na vitendo vya papo kwa papo.

World of Warcraft, seva za rolplei

Gemu hili la dunia ya kichawi, la kampuni ya Blizzard, lilitoka Novemba 2004 na lina seva zilizotengwa kwa ajili ya rolplei. Ulaya kubwa ni Argent Dawn, Marekani kuna Moon Guard na Wyrmrest Accord.

Stori iko kwa nani. Stori kubwa ni ya Blizzard, hilo ulikubali kabla hujaingia. Mwaka 2016 upanuzi wa Legion, yaani sehemu mpya ya gemu, ulimuua mfalme Varian Wrynn, watu waliokuwa wameapa kumlinda wakaamka mfalme hayupo na hakuna aliyewauliza. Ila chini ya hiyo stori kubwa kuna ya wachezaji, na ni tajiri ajabu. Kuna guild (vikundi vya kudumu vya wachezaji) za walinzi wa jiji wanaopiga doria Stormwind kwa sare moja, kuna wauguzi, wahubiri, magenge ya bandarini, wote ni wachezaji na hakuna aliyewatuma. Wanatumia nyongeza, programu ndogo ya kuongezea kwenye gemu, inaitwa Total RP 3, ukimgusa mtu kwa kipanya unasoma alichojiandikia, sura yake, kovu lake, namna anavyotembea, hata harufu ya tumbaku.

Nafasi ya mgeni. Kuanza ni kukaa. Nenda baa jioni, agiza kinywaji kwa maandishi, kaa, mtu atakusemesha. Ugumu unakuja baadaye, guild nyingi ni za zamani, vyeo vya juu vina wenyewe, na wewe utakuwa kuruta kwa muda ukisimama lindo getini. Wengine wanaipenda sana hiyo, stori ya mtu wa chini kabisa kwenye jeshi kubwa ina utamu wake. Ndani ya guild ukipotea watakutafuta, nje ya guild hapana.

Kinachobaki. Kidogo, na huu ndo udhaifu wake mkubwa. Mnaweza kuichoma nyumba kwa maneno jioni nzima, watu wakalia, kesho asubuhi nyumba imesimama na kundi lingine linafanya humo harusi. Kinachobaki ni kile mnachokumbuka na kukubaliana.

Ingawa kuna mara moja dunia yenyewe iliwaponyoka walioitengeneza. Septemba 2005, kwenye eneo la Zul'Gurub, bosi aitwaye Hakkar alikuwa anawaambukiza wachezaji ugonjwa wa damu uliotakiwa kubaki mle ndani, lakini wanyama wa kufugwa wa wachezaji wakautoa nje mpaka mijini. Wenye levo ndogo wakawa wanaanguka hapo hapo, mitaa ikajaa mifupa, waponyaji wengine wakajitolea kukaa katikati kutibu watu, wengine wakakimbilia vijijini, na wako waliokuwa wanausambaza makusudi. Hakuna mwandishi aliyeandika hayo, kila mtu alichagua mwenyewe atakuwa nani siku ya tauni, na baadaye wataalamu wa magonjwa ya mlipuko wakaja kuichambua. Kampuni ikalazimika kuzima na kuwasha seva upya ndo ikaisha.

Gharama. Mpaka levo 20 unacheza bure, ila akaunti ya bure hairuhusiwi kuingia guild, na guild ndo penye stori, kwa hiyo hesabu karibu dola 15 kwa mwezi. Unahitaji kompyuta ya wastani. Maongezi ni ya kuandika, hivyo ping mbovu (intaneti inayochelewa kufika kwenye seva) haikuharibii sini, yaani tukio, ya baa. Saa tumebahatika kwa upande wa Ulaya, saa mbili usiku ya Ujerumani kwetu ni saa tatu au saa nne usiku kutegemea msimu, mtu unacheza na unalala. Ukiingia seva ya Marekani pwani ya mashariki, saa mbili usiku yao ni saa tisa au saa kumi alfajiri yetu, jipime.

Inamfaa nani. Anayetaka dunia nzuri ya kuangalia, maongezi ya taratibu, na jamii yenye mila zake. Haimfai anayetaka ramani ibadilike kwa sababu yake.

EVE Online

Hili ni la meli za angani, linatengenezwa na kampuni ya CCP ya Reykjavik, Iceland, limeanza Mei 2003.

Stori iko kwa nani. Kwa wachezaji, karibu yote. Dunia nzima ukiacha China inacheza ndani ya seva moja, Tranquility, yenye mifumo ya nyota zaidi ya 7,000. Karibu kila meli unayoiona imejengwa na mchezaji kwa madini yaliyochimbwa na mchezaji na kusafirishwa na mchezaji mwingine aliyekuwa anaogopa kuporwa njiani. Rolplei hapa sio ya kuigiza lafudhi, utakuta mtu anaongea kama anavyoongea kazini, lakini ni balozi kweli, jasusi kweli, mhasibu wa dola kweli.

Mfano ambao sichoki kuusimulia ni wa Januari 2014, mfumo wa nyota unaoitwa B-R5RB. Muungano mmoja ulikosa kulipa ada ya umiliki wa eneo, bili tu, kama vile umeme unavyokatwa, umiliki ukaanguka na maadui wakaona mlango uko wazi. Vita ikaenda saa 21, wahusika zaidi ya 7,500 wakashiriki, meli kubwa kabisa zinazoitwa Titan zikalipuka 75, na ukizipigia hesabu kwa hela halisi hasara ilikadiriwa kufika dola 300,000 hivi. Bili moja! Waandishi wa hadithi wangekaa mwaka wasingetunga chanzo kizuri namna hiyo.

Nafasi ya mgeni. Watu wanatishwa kwamba utachelewa miaka ishirini nyuma ya wenzako. Ni kweli hutaendesha Titan mwaka huu, lakini fliti, yaani kundi la meli zinazopigana pamoja, inahitaji watu wenye meli ndogo za bei chee wa kwenda mbele kuchungulia na kumshika adui asikimbie, na hiyo unaifanya wiki ya kwanza. Kuna EVE University, ni wachezaji wanafundisha wachezaji tangu 2004, na kuna mashirika kama Pandemic Horde na Brave Newbies yanayopokea wageni na kuwapa meli bure. Tatizo ni kipimo changu cha pengo, kwenye fliti ya watu mia nne hakuna atakayejua haupo. Nafasi ya kweli inakuja ukishika kazi ambayo watu wanaikimbia: kusafirisha mizigo, kuweka hesabu, kuongea na jirani. Hao hawapotei bila kutafutwa.

Hilo la mabalozi lina sura nyingine. Septemba 2012 kwenye shambulio la Benghazi, Libya, alikufa Sean Smith, mfanyakazi wa wizara ya mambo ya nje ya Marekani, ambaye ndani ya EVE alijulikana kama Vile Rat, balozi mkubwa wa muungano wa Goonswarm. Wachezaji kila upande, na waliokuwa maadui zake wamo, wakabadilisha majina ya vituo vyao angani kuweka jina lake. Mtu hawezi kuniambia haya ni mambo ya kupoteza muda.

Kinachobaki. Kila kitu. Meli ikilipuka imelipuka, hairudi. Ukimsaliti mtu jina lako linabeba hiyo miaka na miaka. Mwaka 2009 kiongozi mmoja wa muungano wa Band of Brothers alihamia kwa maadui, na kwa ruhusa alizokuwa nazo muungano mzima ukavunjwa kwa kubonyeza tu, na watu wanaulizana habari hizo mpaka leo. Utaibiwa, na kumwibia mtu sio kosa kwa sheria za humo. Kama moyo wako hauwezi kubeba hilo usijilazimishe.

Gharama. Tangu Novemba 2016 kuna akaunti ya bure isiyo na kikomo cha muda, ina mipaka ya ujuzi na meli ila stori unaingia. Kompyuta ya kawaida inaweza. Na kuhusu ping, seva inahesabu mambo mara moja kwa sekunde, na vita vikiwa vikubwa muda wenyewe unapunguzwa kasi mpaka asilimia 10, kwa hiyo intaneti yetu ya huku haikufanyi mnyonge sana. Kila siku saa nane mchana yetu seva inafungwa kidogo kwa matengenezo, ukiwa kazini hata huoni.

Inamfaa nani. Mwenye subira, anayependa siasa, biashara na njama. Haimfai anayetaka kuona sura ya mhusika wake ikilia, muda mwingi utaona meli na orodha.

GTA kwenye FiveM (programu ya kuendesha seva zenu wenyewe za GTA V)

Stori iko kwa nani. Kwa mwenye seva anayeweka sheria, na kwa sauti za wachezaji. Ni Los Santos ile ile, mji wa ndani ya GTA V, lakini polisi ni mtu, fundi gari ni mtu, wakili ni mtu, na mnaongea kwa maiki. Sheria ndo zinalinda stori: huruhusiwi kuua ovyo bila sababu, huruhusiwi kutumia habari uliyoiona kwenye strimu (mchezaji akijirusha moja kwa moja mtandaoni) wakati mhusika wako hajui, na ukiwekewa bastola lazima uogope. Seva ikisimamia hizo, uporaji wa benki unageuka maongezi ya nusu saa kati ya jambazi mwenye mateka na polisi mwenye megafoni, na mara nyingi risasi haipigwi.

Nafasi ya mgeni. Seva nzuri nyingi unaomba kwanza, unajaza fomu, unahojiwa. Ukiingia usikimbilie genge, magenge yana watu wao na utakuwa dereva wa kungoja nje. Ushauri wangu nenda ambulensi. Kila stori ya mji ule inaishia mikononi mwa mtu wa ambulensi, polisi anakuja, jambazi anakuja, mke wa jambazi anakuja, ndani ya wiki mbili mji mzima unakujua kwa jina. Angalizo moja, kwenye seva zenye mastrima wakubwa sini nyingi zinawazunguka wao.

Kinachobaki. Gari, nyumba, rekodi ya polisi, vyote vinakaa kwenye hifadhidata mpaka mwenye seva aamue kufuta na kuanza upya, au seva ife, na seva hufa. Mtandao wenyewe angalau umetulia, 2015 Rockstar, kampuni yenye GTA, ilizifungia akaunti za waliotengeneza FiveM, miaka minane baadaye, Agosti 2023, ikawanunua.

Gharama. Ndo kubwa kuliko zote hapa. GTA V halali ya kompyuta, karibu giga 100 na ushee za kupakua, kadi ya grafiksi inayoeleweka, maiki, na chumba ambacho hakuna mtu anapiga kelele nyuma yako. Ping inahesabika kwa sababu kuna kuendesha na kuna sauti, tafuta seva za Ulaya.

Inamfaa nani. Muigizaji, mwenye mdomo mwepesi, anayefikiri akiwa anaongea. Haimfai mwenye haya ya sauti, ingawa nimeona watu wakipona haya hiyo humo humo.

Sasa kwa hali yako

Una simu tu na bando la kubania, nenda Discord, tafuta seva yenye masta zaidi ya mmoja. Kama mko watatu mnaojuana anzisheni yenu kwa Kiswahili, Kilwa ya wafanyabiashara wa dhahabu iko pale inasubiri, hamhitaji kumwomba mtu.

Una kompyuta ya wastani, huna hela ya kila mwezi, na unapenda mambo ya dunia kubadilika kweli, EVE ya bure, anzia EVE University, chukua kazi isiyopendwa.

Una dola 15 za mwezi na umechoka, unataka sehemu ya kwenda jioni ukute watu wale wale, Argent Dawn kuanzia saa tatu usiku.

Una mashine nzito, intaneti ya faiba na chumba chako, FiveM, na uanze na ambulensi.

Unafanya kazi zamu za usiku, seva za Marekani zitakufaa kuliko sisi wengine, utawakuta wamejaa wakati huku kila mtu amelala.

Na kama una wiki moja tu ya kujaribu, usijaribu yote manne. Chukua moja, ingia siku tatu mfululizo saa ile ile, siku ya nne usiingie, siku ya tano rudi uone kama kuna aliyekuulizia.